Santuri ya Bibi Iliyonyamaza

Mwezi huu twawaomba radhi wale waliotuletea masuala ya ndoa na ya mirathi wangoje kidogo, tupate kuijibu barua ya kijana mmoja wa hapa kwetu Chumbageni. Asema jambo lake halingoji, nasi tulipoisoma barua yake tuliona kuwa asema kweli.

Kijana huyu akaa na bibi yake mzaa baba. Bibi ana rediogramu ya zamani, ile ya kabati la mbao lenye redio upande mmoja na santuri upande wa pili. Ndani ya kabati hilo mna sahani zipatazo sitini: nyingine za kisomo cha Kurani, zilizonunuliwa na marehemu babu, na nyingine za taarabu na dansi za mji huu wa Tanga. Tangu mvua za masika zilizopita, sauti ya santuri ilianza kufifia, ikawa kama mtu asemaye nyuma ya mlango. Kisha ikanyamaza kabisa. Sahani yazunguka, taa yawaka, redio yasema, lakini santuri haisemi. Jirani mmoja amemshauri aweke sarafu juu ya mkono wa sindano ili ikandamize vizuri. Fundi mmoja amemwambia chombo kimekufa, akitupe. Na ami yake amekwisha pata mnunuzi wa zile sahani, na siku ya kuja kuzichukua imekwisha tajwa, kwani bibi ameambiwa hazina kazi tena. "Je, Mwalimu," auliza kijana, "ni kweli imekufa?"

Jawabu letu ni hapana. Na kwa kuwa tangu Moa hata Pangani hazikosekani nyumba zenye vyombo kama hivi, vimefunikwa vitambaa vya kufuma na juu yake pamewekwa televisheni, tumeona tulijibu suala hili hapa mbele ya wote. Sisi kazi yetu ni chuo na ubao, si bisibisi. Lakini tumekaa na mafundi wa redio wa mji huu, tumeuliza na kuona kwa macho, na haya tuyaandikayo ni yale ambayo yeyote mwenye subira aweza kuyahakikisha.

Kilichokufa, kwa dalili alizozitaja kijana, ni kichwa cha santuri, ambacho mafundi hukiita katriji. Ni kidude kisichozidi tende moja kwa ukubwa, kilichofungwa mwisho wa mkono, na sindano imetokeza chini yake. Watu wengi hudhani kwamba sindano ndiyo isemayo. Sivyo. Uso mmoja wa sahani una mfereji mmoja tu, mrefu, uanzao ukingoni na kuzunguka hata karibu na kati, na kuta za mfereji huo zimepindapinda kwa kuifuata sauti iliyorekodiwa. Sindano ikipita humo hutikisika, na mtikisiko ule hupanda kwa kijiti chembamba mpaka ndani ya katriji, na humo ndimo unamogeuzwa kuwa umeme. Umeme huo ni mdogo mno; hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa, kisha kwenye spika ukarudi kuwa sauti. Basi katriji ikifa, chombo kizima huwa mithili ya mtu mwenye masikio mazima na kinywa kizima, ila hapana anayemwambia neno.

Sasa, ni nini kilichomo ndani ya tende ile? Hapa ndipo penye khabari ambayo watu wa pwani yatupasa kuijua zaidi ya watu wa bara. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa au kupindwa hutoa umeme. Katika fuwele zote zilizojaribiwa, moja ilionekana kutoa umeme mwingi kuliko nyenzake, nayo ni chumvi ya Rochelle, iliyopata jina lake kwa mji wa La Rochelle ilikotengenezwa kwanza katika karne ya 17. Viwanda vikaichukua, vikakata vipande vyembamba, vikavifunga ndani ya katriji. Ikawa santuri za bei nafuu zilizoenea duniani kabla na baada ya vita vya pili zina chumvi moyoni mwake.

Na chumvi ni chumvi. Nani katika sisi asiyejua jinsi chumvi ya jikoni inavyolowa kibakulini wakati wa masika? Hiyo ya Rochelle nayo huyeyuka majini, na huvuta unyevu wa hewa. Watengenezaji walijua hivyo, wakaizungushia nta au karatasi ya bati kuikinga. Lakini miaka ikipita kinga hupasuka, na hewa yetu ya bahari huingia polepole. Na si maji tu, bali hata joto la nyuzi 55 huiharibu, nalo si joto la ajabu kwa chombo kilichoachwa dirishani jua la kaskazi likikipiga, au ndani ya gari lililofungwa. Kwa sababu hiyo kabati la bibi lilianza kunong'ona wakati wa mvua, kisha likanyamaza. Haikuwa khabari ya uchovu wala uzee wa mashine. Moyo wake ulilowa.

Tokea miaka ya 1950 viwanda vilianza kutumia kitu kingine badala ya chumvi, nacho ni seramiki, udongo maalum uliochomwa tanuuni kama vigae vichomwavyo. Seramiki haiogopi unyevu. Sauti yake ina nguvu kidogo kuliko ya chumvi, lakini mtu wa Tanga asiye na haja ya kununua msiba mara mbili atachagua seramiki.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, pana mambo ya kutazama. La kwanza ni jepesi mno, hata twaona haya kulitaja. Katriji nyingi za zamani zina sindano mbili, moja ya sahani nzito za mwendo wa 78 na moja ya sahani nyepesi za 45 na 33, na pana kiwiko kidogo cha kuzigeuza. Kiwiko kikikaa kati kwa kati, au kikielekea upande usio wake, sauti huwa mbovu au hukosekana. Mtoto aliyecheza na chombo aweza kuwa ndiye "ugonjwa" wote.

La pili ni nyaya. Nyuma ya katriji mna vijiti viwili, au vinne ikiwa chombo ni cha sauti mbili, na kila kijiti kimevikwa kishikio kidogo cha waya. Chumvi ya bahari hula vishikio hivi vikaota kutu ya kijani. Kuvisugua taratibu kumewahi kufufua santuri nyingi zilizokwisha andikiwa kifo. Lakini plagi ya umeme iwe imetolewa ukutani, wala si kuzimwa tu kwa swichi. Jambo hili twalisisitiza. Baadhi ya santuri za bei rahisi za miaka ya 1950 na 1960 hazina transfoma, na bati lake la ndani limeungana moja kwa moja na waya wa umeme wa nyumba. Kijana anayegusa nyaya za mkono kwa kidole ili asikie kama spika itanguruma, kama wafanyavyo wengine, aweza kugusa mauti. Asifanye.

La tatu ni kujua kama ugonjwa uko kwenye katriji au kwenye amplifaya. Kwa chombo cha sauti mbili ambacho upande mmoja ndio uliokufa, chomoa plagi, kisha badilisha nyaya za kulia ziende kushoto na za kushoto ziende kulia. Kwa desturi ya watengenezaji, nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu ni za kushoto. Ukiwasha, kama ukimya umehamia spika ya pili, basi mgonjwa ni katriji. Kama umebaki palepale, katriji haina makosa. Na kwa chombo cha sauti moja, kama cha bibi, mpelekee fundi mwenye kuaminika, naye akiisha hakikisha kwamba kina transfoma, aweza kuunga simu ya mkononi mahali pa nyaya za katriji na kuifungulia kisomo. Simu hutoa umeme unaokaribiana na wa katriji ya chumvi au seramiki. Spika ikisoma, imekwisha julikana: kabati zima, pamoja na amplifaya yake na spika yake, lahitaji kidude cha ukubwa wa tende na si zaidi. Kipimo hiki hakichukui muda mrefu. Fundi aliyesema "kitupe" bila ya kukifanya hakuwa amepima, alikuwa amekisia.

Tuje kwenye sarafu. Ndugu jirani alikusudia wema, lakini ushauri wake ndio uliotufanya tuipe barua hii nafasi ya mbele. Katriji ya seramiki hukalia sahani kwa uzito wa gramu 4 au 5 hivi, na zile za zamani za chumvi huzidi hapo kidogo. Sarafu nzito huweza kuuzidisha uzito huo mara mbili au zaidi. Na uzito wote wauchukua ncha ya sindano, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Ncha hiyo ikiwa imekwisha lika, na kwa chombo kilichokaa miaka bila kubadilishwa sindano bila shaka imelika, haipiti tena katika mfereji kama mtumbwi upitavyo majini. Hupita kama jembe. Yale mapindo ya kuta, ambayo ndiyo sauti yenyewe, hukwanguliwa yakatoka kama unga mweusi. Katriji iliyokufa haitafufuka kwa sarafu hata ukiweka kumi, kwani hakuna fuwele ya kupindwa. Ila sahani zitaharibika katika kimya kile kile, wala hutasikia zinavyoharibika mpaka siku utakapopata katriji nzima. Na mfereji uliokwanguliwa haushoneki.

Na ni sahani gani hizo? Katika nyumba zetu zimo ambazo mtu akizipoteza hazioni tena. Bi Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Zilizosalia leo ni za kutafutwa kwa taa. Mji wetu wa Tanga ulitoa Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, na sauti ya Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016. Ulitoa na Atomic Jazz Band na Jamhuri Jazz Band. Hukumu ya muziki si mada yetu leo, na mwenye kuitaka anajua aende kwa nani. Lakini zipo na za kisomo. Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri ndiye ambaye kisomo chake cha Kurani nzima kwa tartili, kilichotolewa mwaka 1961, kilikuwa cha kwanza cha namna yake kurekodiwa. Wazee walizipokea sahani za kisomo kwa heshima, wakazihifadhi juu, mahali pa msahafu. Maulamaa walikwisha liangalia jambo hili zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, ambaye baadaye alikuwa Mufti wa Misri, aliandika risala juu ya fonografu tangu mwaka 1906.

Twajua kijana atasema kwamba kisomo cha Sheikh al-Husary kimo ndani ya simu yake, na ni kweli, kimo. Lakini bibi hakuomba kisomo cha simu. Yeye ataka kuisikia sahani iliyonunuliwa na mumewe, kwa sauti aliyoizoea ukumbini mwake, nasi hatuoni ubaya katika hilo.

Sasa namna ya kununua. Hapa wengi hukosea, na fedha hupotea. Siku hizi santuri zimerudi kupendwa huko Ulaya na Marekani, na katriji mpya huagizwa kutoka ng'ambo kwa simu tu. Lakini katriji zinazosifiwa sana ni za sumaku, na hizo hazikifai chombo cha bibi. Seramiki hutoa umeme wa kiasi cha nusu volti. Sumaku hutoa sehemu chache tu za elfu za volti, yaani kama mara mia chini yake. Amplifaya ya zamani haitausikia umeme huo, na mtu atarudi kusema chombo kimekufa kweli. Tena mkono wa zamani ni mzito kwa katriji ya sumaku, ambayo yataka gramu 2 hivi. Basi aagize ya seramiki, na aangalie kama yafungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, ambacho ndicho kipimo cha kawaida, au kama mkono wake wataka kishikio cha namna nyingine. Ile katriji iliyokufa isitupwe mpaka mpya imekwisha kaa mahali pake, kwani ina alama na namba za kuongozea, na kishikio chake huenda kikahitajika.

Wakati wa kuifunga, fundi asilehemu waya juu ya kijiti cha katriji. Joto la chuma cha kulehemu hupanda kwa kijiti na kuiua katriji kabla haijasema neno. Alehemu kishikio kikiwa peke yake mezani, kipoe, ndipo akivike.

Kisha apime uzito. Mizani ya santuri huuzwa, lakini katika mji huu masonara wanayo mizani midogo inayopima gramu na sehemu zake, na hatumjui sonara atakayemnyima kijana dakika tano za mizani yake akimweleza sababu. Mizani iwekwe kando ya sinia la santuri, juu yake ikilingana na uso wa sahani, na sindano iteremshwe hapo taratibu. Ikizidi kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, springi au uzani ulio nyuma ya mkono hurekebishwa.

Sindano nayo ina umri wake. Ya yakuti husemwa hudumu saa 50 hadi 100, ya almasi saa 500 au zaidi. Saa 50 ni nyuso 150 tu za sahani kubwa ya dakika 20. Nyumba inayosikiliza kila jioni humaliza hizo katika miezi michache. Na sahani nzito za 78, zile zivunjikazo kama kigae, zataka sindano nene mara tatu hivi kuliko zile nyepesi zipindikazo, kwa kuwa mfereji wake ni mpana. Ukizisafisha hizo nzito usitumie spiriti kabisa, maana zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na spiriti huuyeyusha. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo chatosha, kisha zikaushwe kivulini.

Limebaki suala la ami, ambalo kijana aliligusa kwa adabu, nasi tutalisema wazi zaidi kidogo. Sahani zile ni za nani? Alizinunua marehemu, na bibi, kwa maelezo ya barua, alizipokea katika fungu lake urithi ulipogawanywa miaka mingi iliyopita. Basi ni mali ya bibi. Mtu aliye hai harithiwi. Na idhini aliyoitoa, ikiwa aliitoa, aliitoa kwa kuambiwa kwamba hazina kazi tena. Neno hilo likithibitika si kweli, yapasa aulizwa upya, akiwa amekaa, amepewa khabari kamili, na hapana mnunuzi anayesubiri mlangoni. Akisema ziuzwe, ziuzwe kwa thamani yake, na fedha ashikishwe yeye mkononi. Akisema zibaki, zibaki. Ami ni mkubwa wa kijana, na haifai kijana amkabili kwa ukali. Lakini aweza kumwomba siku isogezwe mbele mpaka katriji ifike, na kama anaona uzito kusema, amwendee imamu wa msikiti wao amsemee. Amwonyeshe na ukurasa huu.

Tangu sasa hata siku hiyo, sindano isiguse sahani yoyote. Zisimamishwe wima kama vitabu, zisirundikwe, wala zisikae karibu na ukuta unaopata jua la mchana. Vile vifuko vidogo vya chembe zifyonzazo unyevu, vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vipya, avikusanye avitie ndani ya kabati, na ikiwezekana anunue katriji ya akiba aifungie katika chupa pamoja navyo.

Na katriji ikifika ikafungwa, sahani ya kwanza kuwekwa isiwe ya Sheikh. Amwulize bibi ni ipi asiyoijali sana, aiweke hiyo, asikilize uso mmoja mpaka mwisho, kisha aitoe aitazame mwangani kama pana unga mweusi. Usipokuwepo, hapo ndipo amwite bibi achague mwenyewe.